Nanyama Ashika Plau

Mwaka wa 1957 mvua kubwa ilichelewa, halafu mwezi wa nne ikaja yote kwa mara moja. Mvua hiyo ndiyo iliyomfanya Nanyama mjane, akiwa na miaka ishirini na saba, katika mto ambao siku za kawaida mtu aliuvuka bila kulowesha magoti.

Mumewe aliitwa Khisa. Walikuwa wametoka Kimilili miaka minne kabla ya hapo, wakaja kuandikwa kazi katika shamba la mzungu mmoja juu ya Kabazi, upande wa Subukia. Wafanyakazi walimwita mzungu huyo Bwana Kelele, kwa sababu mizinga ya vita ilikuwa imemharibu masikio, naye akawa anaongea na kila mtu kana kwamba amesimama ng'ambo ya bonde. Khisa alikuwa mshika plau wake. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake pale shambani. Mshika plau alipewa nyumba ya peke yake mwisho wa laini ya nyumba za wafanyakazi, alipata maziwa kila asubuhi, na hata nyapara alimsalimia kwanza.

Plau ilivutwa na maksai wanne, na maksai hao waliongozwa na kijana Mkikuyu aitwaye Mburu, mwenye miaka ishirini na miwili. Mburu hakuwa amepanda treni hata siku moja, lakini alizijua stesheni zote kwa moyo, na ng'ombe wake alikuwa amewapa majina ya stesheni hizo. Gilgil na Naivasha walifungwa nyuma, karibu na plau. Njoro na Molo walitangulia. Aliyepita barabarani akasikia, "Molo, sogea! Njoro, usilale!" alijua kwamba Khisa na Mburu wako kazini, mmoja nyuma ameshika mikono ya plau, mwingine mbele anatembea na ng'ombe bila kiboko.

Siku hiyo walikuwa wanarudi kutoka shamba la chini. Pale walipokuwa hapakuwa na mvua. Ilikuwa imenyesha juu milimani, na maji ya huko yakashuka ghafla, mekundu, yamebeba magogo. Ng'ombe walikuwa katikati ya mto. Mnyororo wa Molo ukanasa kwenye jiwe. Mburu akarudi kuunasua, akaunasua kweli, na ng'ombe wote wanne wakatoka. Yeye maji yakamchukua. Khisa alikuwa amekwisha kufika ukingoni. Hakujua kuogelea, na alijua kwamba hajui. Aliruka hivyo hivyo.

Waliwapata wote wawili kesho yake, mbali kule chini, wakawazika siku moja, kaburi kando ya kaburi, karibu na mikaratusi.

Mburu alikuwa mtoto wa pekee wa mama mmoja aitwaye Nyakio, mwanamke mwembamba wa karibu miaka hamsini, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwa Nanyama. Katika miaka minne wanawake hao wawili hawakuwa wamesemezana zaidi ya salamu. Siku ya tatu baada ya mazishi, Nanyama alipofungua mlango alikuta kopo la uji limefunikwa kwa jani la mgomba. Alijua ni la nani. Hakuligusa. Kesho yake lilikuwepo lingine, na kesho kutwa lingine. Mwishowe aliamka mapema akamngoja mlangoni.

"Mama Mburu, rudi na uji wako," alimwambia. "Mume wangu alikufa kwa sababu ya mtoto wako. Na mtoto wako alikufa kwa sababu ya ng'ombe. Basi kawape hao ng'ombe wanywe."

Nyakio alilichukua kopo lake kwa mikono miwili. "Ni sawa, mama," alisema, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata kopo lilikuwa pale tena.

Nanyama hakulia. Watu walimsifu kwa hilo, wakasema ana moyo mgumu wa kiume, na yeye akawaacha waseme. Alichuma pareto pamoja na wanawake wengine, akachagua mstari ulio mbali na wa Nyakio, akirudi nyumbani anapika kwa mazoea chakula cha watu wawili, anakula nusu na kumwaga nusu. Miezi ikapita hivyo, ya tano, ya sita, ya saba. Hasira ilimfaa. Ilimwamsha asubuhi na kumpeleka kazini, na hakuona sababu ya kuachana nayo.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, mwezi wa kumi na moja, ukafika wakati wa kulima tena. Bwana Kelele alimleta mshika plau mpya, Kiptanui, mtu mpole tu, aliyekuwa amelima Molo na Njoro, zile stesheni zenyewe. Lakini ng'ombe walimkataa. Siku ya kwanza walitembea hatua kumi wakasimama. Siku ya pili walikwenda kila mmoja upande wake. Siku ya tatu, kwa kushindwa, Kiptanui akachukua kiboko, na Molo akalala chini na nira shingoni, akafumba macho, akapigwa akiwa amelala. Kiptanui mwenyewe alikitupa kile kiboko akasema hawezi kumpiga mnyama anayetaka kufa.

Bwana Kelele akakata shauri. Alilitangaza mbele ya ofisi, na laini nzima ikasikia bila kwenda. Ng'ombe wote wanne watauzwa kwa bucha wa Nakuru mwezi wa pili ukiisha. Trakta itakodiwa. Nyumba ya mshika plau atapewa dereva wa trakta.

Nyapara wa shamba, Kimaiyo, mzee mwenye maneno machache, alikwenda kwa Nanyama kumweleza taratibu za kuhama. Kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kusoma, alikuwa pia na barua kutoka Kimilili. Baba mkwe alisema wamengoja vya kutosha. Ndugu ya Khisa angekuja kumchukua. Alikuwa na wake wawili, lakini nafasi ingepatikana.

"Na Mama Mburu?" Nanyama aliuliza, akajishangaa kuuliza.

"Yeye alikuwa anakaa hapa kwa tiketi ya kazi ya mtoto wake," Kimaiyo alisema. "Sasa hana tiketi. Watamrudisha rizavu, kule Wakikuyu walikotengewa. Alizaliwa hapa hapa bondeni, huko rizavu hajui hata mtu mmoja. Lakini ndiyo sheria ya serikali kwa Wakikuyu siku hizi."

Jioni hiyo, baada ya kupima maua ya pareto, Nanyama alikwenda zizini. Alitaka kumtazama Molo usoni kabla hajapelekwa kwa bucha. Kusema kweli, alitaka kufurahi.

Alimkuta Nyakio ndani ya zizi, anampaka Molo mafuta ya kondoo mahali kiboko kilipochana ngozi.

"Unampaka dawa?" Nanyama alisema. "Huyu? Huyu ndiye alinasa mnyororo!"

"Ndiye," Nyakio alijibu bila kugeuka. "Mama yake alikufa siku ile alizaliwa. Mburu akamleta ndani ya nyumba, nikamnyonyesha maziwa na kidole yangu. Siku ya maji, hawa wengine walikuja boma wenyewe. Huyu alisimama kwa mto mpaka asubuhi. Kimaiyo alimvuta na kamba, akakataa. Alikuwa anangojea."

Nanyama hakuwa amelijua hilo. Usiku ule yeye alikuwa ndani ameshikwa na wanawake.

"Nikuambie kitu ingine," Nyakio aliendelea, "na ukitaka kunitukana baadaye, tukana. Hiyo plau, kabla ya bwana yako, ilikuwa inashikwa na bwana yangu, Kahiga. Mwaka wa hamsini na tatu askari walimweka kwa lori pamoja na Wakikuyu wengine, mchana, mimi nikitwanga mahindi. Alikufa huko kwa kambi ya kizuizini. Niliambiwa mwaka mwingine. Lori ilienda, na wiki mbili haijaisha, nyinyi mkafika na mizigo yenu mkapewa nyumba. Hiyo nyumba yako, mama, ni mimi nilikandika ukuta."

Nanyama aliketi juu ya jiwe la chumvi ya ng'ombe. Miaka minne alikuwa ametundika nguo zake kwenye misumari iliyokuwapo ukutani, wala hakuwahi kujiuliza ni nani aliyeipigilia.

"Ulinichukia?" aliuliza.

"Mwaka mzima." Nyakio alifuta mikono kwenye leso. "Nilikuwa naenda kanisa, naomba Mungu anitolee hiyo chuki. Natoka nje nimepona. Halafu nakuona umebeba maji, naanza tena."

Lilikuwa jambo la kuchekesha, na wote wawili walijua, lakini hakuna aliyecheka bado.

"Iliisha namna gani?"

"Ni Khisa. Mburu alikuwa hataki kuongea na yeye. Mwezi mzima wanalima bila neno, kama mabubu. Siku moja Khisa akamwambia, 'Kijana, hii mikono ya plau najua ni ya baba yako. Mimi nazishikilia tu zisiote kutu. Akirudi nitamwachia.' Mburu alikuja nyumbani jioni akakula chakula ya watu wawili. Tangu hiyo siku mimi sikuwa na nguvu ya kukuchukia. Na yule kijana yangu, kama angekuwa Khisa ndiye ameanguka kwa maji, angeruka vilevile. Mimi najua."

Ndipo Nanyama alipolia. Alilia kwa sauti kilio cha miezi saba yote, amesimama upande mmoja wa shingo ya Molo na Nyakio upande wa pili, na ng'ombe huyo katikati akitafuna taratibu. Walipotulia kulikuwa bado na mwanga juu ya milima. Nanyama akapenga kamasi kwa upindo wa nguo, akasema kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote pale shambani.

"Mimi najua kushika plau."

Ilikuwa kweli. Baba yake kule Kimilili alikuwa na plau na ng'ombe, lakini watoto wake wakubwa walikuwa wasichana watupu. Akamweka Nanyama nyuma ya plau akiwa na miaka kumi na miwili, mama yake akilalamika kwamba hakuna mwanamume atakayemwoa msichana mwenye mikono migumu hivyo. Khisa alimwoa, akacheka alipoisikia habari hiyo, na mara moja moja, jioni, watu wakiisha kuondoka shambani, alimwachia alime mstari mmoja au miwili kwa raha zake. Baada ya hapo walinyamaza nayo, maana kazi ya plau ilikuwa ya wanaume na watu wana midomo.

Nyakio alimtazama mikono, kisha akamtazama uso. "Na mimi hii ng'ombe inanisikia," alisema.

Walimwendea Kimaiyo. Mzee aliwasikiliza, akakuna kidevu, akasema nyuma ya mikaratusi kuna kipande kilicholala miaka miwili bila kulimwa, na kwamba yeye kila asubuhi atakuwa upande mwingine wa shamba, haoni wala hasikii.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa vita. Nanyama alisahau kwamba mikono ya mtu isiposhika plau kila siku huwa laini. Plau ilimrusha huku na huku, ikaruka juu ya mizizi, ikamwangusha kifudifudi. Mstari wao wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi. Yeye alitoa amri kwa Kibukusu, Nyakio kwa Kikikuyu, na ng'ombe wakasimama wakawatazama kama wageni wasioelewana. Nanyama akaanza kufoka. "Nyoosha! Nyoosha, nimesema! Haraka!"

Nyakio akasimama, akageuka, akaweka mkono kiunoni. "Wewe mama. Mimi si ng'ombe ya tano."

Hapo ndipo kicheko kilipowashika. Walicheka mpaka Nyakio akaketi kwenye udongo, na Nanyama akashikilia plau asianguke tena. Tangu siku ya mazishi hakuna aliyekuwa amewasikia wakicheka, na pale pia hakuna aliyewasikia, ila ng'ombe.

Walikubaliana kutumia Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeimudu vizuri, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwonea mwenzake. Nyakio akatembea mbele, mkono kwenye pembe ya Molo, akiongea polepole kana kwamba wanakwenda sokoni pamoja. Nanyama akakumbuka alivyofundishwa na baba yake, kwamba macho hayakai kwenye plau, yanakaa mbali mbele, mahali unapotaka kufika. Wiki ikaisha mistari imeanza kunyooka. Wiki ya tatu Nyakio alirudi nyuma akainama kuangalia kazi yao.

"Kahiga hakuwa anaweza kunyoosha hivi," alisema. "Na mtu asimwambie."

Bwana Kelele aliwaona mwezi wa kwanza. Alitokea juu ya farasi wake nyuma ya mikaratusi, akakuta kipande kizima kimelimwa, na wanawake wawili wamesimama na ng'ombe aliokwisha kuwaandikia bucha. Uso ulimwiva.

"Nani nafundisha wewe?" alimpigia kelele Nanyama.

"Baba yangu."

"Nini?"

"BABA YANGU!" Nanyama alipaza sauti mpaka ndege wakaruka mitini. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kumjibu yule mzungu kwa sauti iliyolingana na yake. Farasi alirudi nyuma hatua mbili. Bwana Kelele akashuka, akatembea juu ya ule udongo, akaupiga teke hapa na pale, akarudi.

Sasa, kila mwaka mwezi wa pili mashamba ya upande ule yalikuwa yakishindana kulima kwa ng'ombe, na Bwana Kelele alikuwa amepata nafasi ya pili miaka miwili mfululizo. Jambo hilo lilimuuma kuliko masikio yake. Jina la shamba lake lilikuwa limekwisha andikwa tangu mwaka uliopita, na aliona aibu kulifuta.

"Wewe nakwenda Kabazi," alisema. "Nalima mzuri, nakaa hapa. Naleta cheko, nakwenda."

"Mimi na huyu," Nanyama alisema, akimwonyesha Nyakio.

"Nini?"

"MIMI NA HUYU!"

Basi wakaenda. Kimaiyo alimpatia Nyakio pasi, maana bila karatasi hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa shamba, na askari wa njiani aliisoma mara mbili. Walipofika uwanjani kulikuwa na vikosi tisa, wanaume watupu, na watu wengi waliokuja kutazama. Kicheko kilianza pembeni kikaenea. Mtu mmoja aliuliza kama wamekuja kuuza maziwa. Mmoja wa waamuzi, mzungu mwenye sharubu, alisema haiwezekani, haijawahi kutokea. Mwenzake akafungua karatasi ya kanuni akaisoma yote, akasema karatasi inataja plau, ng'ombe na watu wawili, haisemi watu wa namna gani.

Wakati wakibishana, alisogea mtu mrefu mwenye kofia ya majani. Huyo alikuwa Owuor, mshika plau wa shamba la jirani, mshindi wa miaka mitatu.

"Waacheni walime," alisema. "Khisa alikuwa ananisumbua kila mwaka. Kama ameacha mtu wa kunisumbua, mimi nataka kumwona."

Nanyama alizishika nira akazikagua moja moja, akakaza mnyororo, akafunga kitambaa upya kichwani. Nyakio alikuja akamshika viganja, akavigeuza, akavitemea mate kidogo kama wafanyavyo wazee wa kwao wanapobariki. Kisha akaenda mbele.

Filimbi ikalia. Mstari wa kwanza ndio unaoamua mengine yote, na Nanyama aliuchukua taratibu, macho kwenye mti mmoja mweupe ng'ambo ya shamba. Vikosi vingine viliondoka mbio, viboko vikilia kulia na kushoto. Wao walikwenda kimya. Watu waliokuwa wanacheka walianza kunyoosha shingo, kwa sababu hawakuwa wamewahi kuona ng'ombe wanne wakilima huku mama mmoja anawasimulia hadithi.

Mstari wa sita ulipofika mwisho, Molo akasimama. Chini ya kipande chao kulikuwa na kijito, kidogo tu, lakini upepo ulikuwa umegeuka na sauti ya maji ikasikika wazi. Ng'ombe alianza kutetemeka toka mabegani mpaka miguuni. Njoro akasimama kwa sababu Molo amesimama. Upande wa kulia Owuor alikuwa anawapita, na upande wa kushoto kikosi kingine.

Nanyama alifungua mdomo apige kelele. Dakika zinapotea, nyumba inapotea, shemeji wa Kimilili anakuja kumchukua kama mbuzi wa kamba. Akamtazama Nyakio, akitaka kumwambia vuta, piga, fanya kitu. Nyakio hakuwa anafanya kitu. Alikuwa ameegemeza paji la uso wake kwenye paji la uso wa ng'ombe, na mabega yake pia yalikuwa yanatetemeka, kwa kuwa maji yale na yeye alikuwa anayasikia.

Nanyama akafunga mdomo. Akaacha mikono ya plau ipumzike, akangoja. Pale mwisho wa shamba, mbele ya watu wote, alingoja kama mtu mwenye siku nzima.

Muda ukapita. Nyakio akainua uso, akasema maneno machache kwa Kikikuyu, akashika pembe, akageuka kutazama nyuma.

"Twende, mama?" aliuliza.

"Twende," Nanyama alisema.

Na Molo akavuta. Kuanzia hapo mpaka mwisho hawakusimama tena. Walimaliza wa saba kati ya vikosi vyote, vumbi limewajaa machoni, na Kimaiyo, aliyekuja kutazama, akavua kofia akaivaa tena bila kujua anafanya nini.

Lakini waamuzi hawakuwa wanapima mbio. Walipita kipande kwa kipande na kamba na fimbo yenye alama, wakapiga magoti, wakachoma fimbo ardhini, wakaandika. Kwenye kipande cha wale wanawake walikaa kuliko kwingine. Yule mwenye sharubu alivuta kamba juu ya mstari wa kwanza, akaitazama, akaenda upande wa pili akaitazama tena, kisha akamwita mwenzake.

Owuor naye alikwenda kuangalia. Alitembea ndani ya mstari toka juu mpaka chini, hatua kwa hatua. Aliporudi alimpita Nanyama akaenda kwa Nyakio, akampa mkono kwanza.

"Watu wanasema plau ni mshika plau," alisema. "Waongo. Ni wewe ulinyoosha hii."

Karani akapanda juu ya gari la kukokotwa akaanza kusoma. Nafasi ya tatu, shamba fulani. Nafasi ya pili, Owuor. Halafu akasoma jina la shamba la Bwana Kelele, na mshika plau, kama ilivyoandikwa mwaka uliopita, Khisa.

Nanyama alisikia jina hilo likipita juu ya watu. Akatoka mbele, na udongo wake wote mwilini, akasema kwa sauti aliyokuwa amejifunza kumjibia Bwana Kelele:

"KHISA NI MAREHEMU! ANDIKA NANYAMA! NA HUYU ANDIKA NYAKIO!"

Karani akaangalia waamuzi. Waamuzi wakaangaliana. Karani akakata mstari, akaandika. Hapo watu wakalipuka. Wanawake waliokuja kuuza viazi kutoka Dundori waliacha magunia yao wakapiga vigelegele. Mtu akamvisha Molo majani shingoni. Bwana Kelele alipewa kikombe chake akakiinua juu na kupiga kelele ambazo, kwa mara ya kwanza, zilifaa mahali zilipopigwa. Nanyama na Nyakio walipewa blanketi moja moja, nzito, za rangi nyekundu, wakarudi nazo mabegani njia nzima, laini yote ikiwapokea kwa nyimbo tangu getini.

Jumatatu waliitwa ofisini. Kila mmoja aliandikiwa tiketi yake ya kazi kwa jina lake, na kazi ikaandikwa: plau. Mwezi uliofuata shemeji alifika kutoka Kimilili. Alimkuta Nanyama shambani, akakaa pembeni akitazama mpaka saa sita, kisha akala ugali aliopikiwa, akashukuru, akaenda kumwambia baba yake kwamba yule mwanamke hana nafasi. Nyakio alikuwa amekwisha hamia katika ile nyumba ya mwisho wa laini, na walipokandika ukuta upya walikandika pamoja. Jioni waliwataja marehemu wao kwa majina, Khisa, Mburu, Kahiga, waliyosema na waliyokula, na mara nyingi walicheka. Jumapili walipeleka maua kwenye makaburi mawili, na kwa Kahiga, ambaye hakuna aliyejua alipolala, Nyakio aliimba tu.

Mashindano ya mwaka wa 1959 yalikuwa na vikosi kumi na kimoja, na vitatu kati yake vilikuwa na wanawake. Owuor alikuja na mkewe, Sally, ametangulia mbele ya ng'ombe, wakawashinda watu wote. Nanyama na Nyakio wakawa wa pili. Nanyama alimpongeza Owuor kwa moyo mweupe. Nyakio alimpa Sally mkono, akatabasamu vizuri mbele za watu, na kesho yake kabla jua halijatoka alikuwa zizini, anawafunga ng'ombe nira.